Herode yupi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu watu na maneno ya Biblia

Mwaka mmoja tulikuwa tukiandaa igizo la Pasaka. Kijana aliyepewa nafasi ya Herode akanijia na kanzu yake ya kukodi begani, uso umemkunjamana. "Mwalimu, si mimi niliyeua wale watoto wachanga wa Bethlehemu? Sasa mbona Yesu ameshakuwa mtu mzima na mimi bado nipo?" Watu wazima waliokuwa wakipanga viti wakageuka wanisikilize, na kwa jinsi walivyotega masikio nikajua swali halikuwa la kijana peke yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiandika kwenye daftari maswali ninayoulizwa na wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), kwenye jumuiya na hata safarini. Haya hapa ndiyo yanayorudi zaidi. Majina na namba za mistari nimefuata Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, maana ndiyo iliyomo kwenye nyumba nyingi, za Wakatoliki zikiwemo. KK ni kabla ya Kristo, BK ni baada yake.

Biblia inataja akina Herode wangapi?

Lichukue Herode kama jina la ukoo, mambo yatanyooka. Wanne ndio wa kuwajua.

Wa kwanza ni Herode Mkuu, wa Mathayo 2. Kwao ni Edomu, na ufalme alipewa na baraza la Roma mwaka 40 KK. Ilimchukua miaka mitatu ya vita kuingia Yerusalemu na kukikalia kiti chenyewe. Alikuwa mjenzi hasa: Hekalu alilolijua Yesu ni kazi yake, na bandari ya Kaisaria, na ngome ya Masada. Lakini alikuwa haamini hata kivuli chake. Alimuua mkewe Mariamne, kisha watoto wake wawili wa kiume, na wa tatu akamuua siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kufa mwaka 4 KK. Mauaji ya Bethlehemu yanasimuliwa na Mathayo peke yake. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile aliyemwandika Herode kwa kirefu, hayataji. Wapo wanaosema kwa hiyo hayakutokea. Mimi naona kijiji kidogo kingeweza kupotea kirahisi katika orodha ndefu ya damu ya mtu yule. Mwaka 2007 wachimbaji walitangaza kuliona kaburi lake Herodiamu, kilima alichokichonga kama koni, kisicho mbali na Bethlehemu yenyewe.

Wa pili ni mwanawe, Herode Antipa. Huyu ndiye aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji, ndiye Yesu alimwita mbweha, na ndiye Pilato alimpelekea Yesu Ijumaa ile. Kijana wetu alikuwa akimwigiza huyu. Ukisoma Marko utaona anaitwa mfalme, ila Warumi hawakumpa cheo hicho. Alitawala kipande tu cha nchi ya baba yake, yaani Galilaya na Perea. Kilichomponza ni hicho hicho cheo. Mkewe Herodia alimsukuma aende Roma akaombe aitwe mfalme, na Kaisari Kaligula, badala ya kumpa taji, akamnyang'anya na alichokuwa nacho, akamfukuzia Galia, Ufaransa ya leo. Hiyo ilikuwa mwaka 39 BK. Yosefo anasema Herodia alipewa nafasi ya kubaki na mali zake kwa sababu kaka yake alikuwa rafiki wa Kaisari, akakataa, akamfuata mumewe uhamishoni. Hilo huwa hatulihubiri.

Kaka mwenyewe ndiye wa tatu: Herode Agripa, mjukuu wa Herode Mkuu. Ni yeye wa Matendo 12, aliyemuua Yakobo kwa upanga na kumfunga Petro. Alikufa Kaisaria mwaka 44 BK. Luka anasema alivaa mavazi ya kifalme, watu wakamshangilia kama mungu, akaliwa na chango. Yosefo, ambaye hakuwa Mkristo, anasimulia jambo hilo hilo kwa upande wake: vazi la fedha lililong'aa kwa jua la asubuhi, kelele za kumwita mungu, tumbo likamshika, siku tano akafa.

Wa nne ni Agripa wa pili, mtoto wa huyo, aliyeketi na dada yake Bernike kumsikiliza Paulo katika Matendo 25 na 26.

Ikiwa Herode Mkuu alikufa mwaka 4 KK, Yesu alizaliwa lini?

Kabla ya mwaka huo. Ndiyo, Kristo alizaliwa "kabla ya Kristo", na wanaonisikia nikisema hivi hudhani nimekosea. Hesabu ya miaka tunayotumia ilitungwa mwaka 525 na Dionysius Exiguus, mmonaki aliyeishi Roma, na alikosea kwa miaka michache. Kalenda ikaenea, kosa likabaki. Kuhusu sensa ya Kirenio katika Luka 2, ile inayojulikana kwa Yosefo ilifanyika mwaka 6 BK, na wataalamu wamekuwa wakivutana juu yake kwa muda mrefu kuliko umri wa makanisa yetu mengi.

Mamajusi walikuwa watatu? Na walikuwa wafalme?

Fungua Mathayo 2 uhesabu. Zawadi ni tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Watu hawajahesabiwa. Ufalme hawakupewa na Mathayo, na majina ya Gaspari, Melkiori na Baltasari yalikuja karne nyingi baadaye. Angalia pia mstari wa 11: waliingia nyumbani. Hori na wachungaji ni vya Luka. Ni sisi tuliowapanga wote kwenye pango moja pamoja na ng'ombe.

Neno lenyewe, mamajusi, linanifurahisha kuliko yote. Lilianza Uajemi kama jina la makuhani wao, Wayunani wakalichukua, Waarabu wakalichukua, na kwa Kiarabu majusi ni mfuasi wa ile dini ya Uajemi inayoheshimu moto. Watafsiri wa Kiswahili wangeweza kuandika "wenye hekima" wakamaliza. Waliandika mamajusi, na mtu wa pwani aliyesoma akajua papo hapo kwamba hawa ni wageni wa dini nyingine kabisa.

Mariamu Magdalene alikuwa kahaba?

Hapana. Hakuna Injili inayosema hivyo.

Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba, na kwamba yeye na wanawake wengine walikuwa wakimhudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao. Mwanamke mwenye mali ya kuhudumia kundi zima la watu safarini! Mji wake, Magdala, ulikuwa kando ya ziwa la Galilaya, na mwaka 2009 wachimbaji walikuta hapo sinagogi la karne ya kwanza.

Basi ukahaba umetoka wapi? Luka 7 inamalizika na mwanamke mwenye dhambi, asiyetajwa jina, aliyeilowesha miguu ya Yesu kwa machozi. Ukurasa ule ule, sura ya 8 inaanza kwa kumtaja Magdalene. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake, aliwaunganisha wawili hao, akamwongeza na Mariamu wa Bethania, dada yake Martha, wakawa mtu mmoja. Mahubiri ya Papa yana uzito. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wachoraji wa Ulaya wakamchora akilia, nywele zimefumuliwa. Wakristo wa Mashariki, Waorthodoksi, hawakuwaunganisha kamwe. Kanisa Katoliki liliwatenganisha katika kalenda mpya ya mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai ikawa sikukuu, sawa na za mitume.

Na sehemu ya kwanza ya Yohana 20 inamhusu yeye: alifika kaburini giza halijatoka, akawa wa kwanza kumwona Mfufuka, akatumwa kuwaambia wanaume. Wa kale walimwita mtume wa mitume. Nikiwaeleza akina mama wa jumuiya yetu habari hii, mmoja alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe walimsingizia."

Aliyeandika waraka wa Yakobo ni yule ndugu yake Yohana?

Haielekei. Yakobo mwana wa Zebedayo aliuawa mapema na Agripa, kama tulivyoona. Mapokeo yanautia waraka mkononi mwa Yakobo mwingine, anayeitwa ndugu yake Bwana, aliyeliongoza kanisa la Yerusalemu. Kifo chake kimeandikwa na Yosefo: alipigwa mawe mwaka 62 BK kwa amri ya kuhani mkuu. Yupo na Yakobo wa tatu, mwana wa Alfayo, mtume ambaye karibu hatujui lolote juu yake.

Mafarisayo wote walikuwa wanafiki?

Kwa Kiswahili cha leo ukimwita mtu Farisayo umemtukana, na Mathayo 23 imechangia sana. Lakini soma na Luka 13:31. Waliokuja mbio kumwonya Yesu aondoke kwa kuwa Herode anataka kumuua ni Mafarisayo, na ni katika kuwajibu ndipo alipotamka lile neno la mbweha. Nikodemo alikuwa Farisayo. Gamalieli aliyewatetea mitume barazani alikuwa Farisayo. Paulo, akiwa tayari ni mtume, anasema mbele ya baraza katika Matendo 23 kwamba yeye *ni* Farisayo; hasemi kwamba alikuwa.

Walikuwa chama cha watu wa kawaida waliotaka utakatifu wa Hekalu uingie hadi mezani na jikoni: jinsi ya kunawa, ya kutoa zaka, ya kushika Sabato. Yosefo anawahesabu zaidi ya elfu sita. Walisadiki ufufuo, malaika, na mapokeo ya wazee pamoja na Torati iliyoandikwa. Na walibishana wao kwa wao, maana wafuasi wa walimu wao wawili wakubwa, Hileli na Shamai, walikuwa na majibu tofauti katika mambo mengi. Ugomvi wa Yesu nao una harufu ya ugomvi wa watu wa nyumba moja. Humkuti akibishana namna ile na makuhani wa Roma.

Masadukayo ni kundi jingine kabisa: matajiri, jamaa za makuhani, wenye Hekalu lao. Ufufuo waliukataa. Ndiyo maana Paulo, mjanja, alipotaja ufufuo mbele ya baraza lenye pande zote mbili, kesi yake iligeuka zogo la wao kwa wao. Warumi walipoliteketeza Hekalu mwaka 70 BK Masadukayo waliisha pamoja nalo. Marabi waliouendeleza Uyahudi baada ya hapo wametoka kwenye njia ya Mafarisayo.

Wasamaria bado wapo duniani?

Wapo. Hawafiki elfu moja, na wanaishi sehemu mbili: juu ya mlima Gerizimu karibu na Nablus, na Holoni karibu na Tel Aviv. Wana Torati yao kwa herufi za Kiebrania cha kale, na kila mwaka jioni ya Pasaka yao huchinja kondoo pale mlimani, familia kwa familia, kama Kutoka 12 inavyoagiza. Yule mwanamke wa kisimani aliyemwambia Yesu kwamba baba zao waliabudu katika mlima huu, mlima ni huo. Hekalu lao lililokuwa juu yake lilibomolewa na mtawala wa Kiyahudi, Yohana Hirkano, zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo kuzaliwa, kwa hiyo uhasama ulikuwa na sababu zake.

Kwetu "msamaria mwema" ni yeyote anayekuokota barabarani. Waliomsikiliza Yesu walisikia kitu kingine: adui wa jadi ndiye aliyesimama, na kuhani akapita kando.

Kuna ushahidi wowote nje ya Biblia kwamba Pilato alikuwepo?

Upo, na mmoja unaweza kuugusa. Mwaka 1961 wachimbaji wa Italia walikuwa wakifanya kazi katika ukumbi wa michezo wa Kirumi huko Kaisaria. Jiwe moja la ngazi walipoligeuza walikuta upande wa pili lina maandishi ya Kilatini. Mtu wa zamani alilichukua jiwe la jengo jingine, akalichonga litoshe kwenye ngazi, na kwa kulichonga akakata mwanzo wa kila mstari. Yaliyobaki ni TIUS PILATUS, na chini yake ECTUS IUDA. Ukijaza yaliyokatwa unapata Pontius Pilatus, praefectus wa Uyahudi. Watazamaji wa michezo walikuwa wakipanda ngazi ile na kumkanyaga Pilato bila kujua.

Alitawala kuanzia mwaka 26 hadi 36 BK. Aliondolewa baada ya askari wake kuwaua Wasamaria waliokuwa wamekusanyika Gerizimu, mlima ule ule wa jibu lililopita. Katika Nasadiki tunamtaja kila Jumapili, na kumtaja kwake kunasema kwamba mambo haya yalitokea chini ya mkuu fulani, katika miaka inayohesabika. Waorthodoksi wa Ethiopia wao wamemhesabu kuwa mtakatifu.

Tafsiri yetu inamwita liwali. Cheo hicho wazee wa Mombasa, Lamu na Bagamoyo wanakikumbuka: mtu aliyewekwa na Sultani wa mbali aamue kesi na kusimamia mji kwa niaba yake. Sijaona lugha iliyompatia Pilato neno linalomkaa vizuri kuliko hilo.

Kayafa naye ana kitu chake. Mwaka 1990 wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza bustani kusini mwa Yerusalemu walitumbukia kwenye pango la kaburi. Ndani mlikuwa na masanduku ya mawe ya kuhifadhia mifupa, na moja, lililonakshiwa maua kwa ustadi wa gharama, lina jina limekwaruzwa kwa msumari: Yehosefu bar Kayafa. Yosefo anasema jina kamili la kuhani mkuu yule lilikuwa Yosefu aitwaye Kayafa. Wengi wanaamini ni lake au la jamaa yake.

Masihi ni jina la Yesu peke yake?

Kabla ya kuwa jina lilikuwa maelezo: aliyepakwa mafuta. Kiyunani chake ni Kristo. Wafalme wa Israeli walipakwa, makuhani walipakwa, na Daudi alikataa kumgusa Sauli kwa sababu hiyo. Mahali panapowashtua wakatekumeni wangu ni Isaya 45:1, ambapo Mungu anamwita Koreshi masihi wake. Koreshi! Mfalme wa Uajemi, asiye Myahudi, aliyeiteka Babeli mwaka 539 KK na kuwaruhusu Wayahudi waliohamishwa warudi kwao wakajenge Hekalu. Silinda yake ya udongo, iliyochimbuliwa mwaka 1879, ipo katika makumbusho ya Uingereza mjini London, na ndani yake Koreshi anamsifu mungu Marduki kwa ushindi huo. Isaya hakuona shida.

Kandake wa Matendo 8 alikuwa nani?

Si jina la mtu, ni cheo. Malkia na mama wa wafalme wa Kushi waliitwa hivyo, na mji wao mkuu ulikuwa Meroe, kaskazini mwa Khartoum, ambako piramidi zao bado zimesimama. Kwa hiyo towashi aliyebatizwa na Filipo alitoka katika Sudan ya leo. Ethiopia ina historia yake yenyewe, nayo ni ndefu: Mfalme Ezana wa Aksum aliupokea Ukristo katika karne ya 4.

Hao akina Kandake hawakuwa wa kuchezea. Miaka ishirini hivi kabla ya Yesu kuzaliwa Wakushi walishambulia ngome za Roma kusini mwa Misri na kuondoka na sanamu za Kaisari Augusto. Mwaka 1910 kichwa cha shaba cha Augusto, macho yametengenezwa kwa kioo na mawe na bado yanakukazia, kilifukuliwa Meroe. Kilikuwa kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu la ushindi, ili kila aingiaye amkanyage Kaisari kichwani. Towashi wa Matendo 8 alikuwa mtunza hazina wa dola ya namna hiyo. Tukimchora kama maskini mmoja aliyepotea jangwani tunamkosea.

Ni kweli Mtaguso wa Nikea ndio uliochagua vitabu vya Biblia?

Si kweli, japo video zinazosema hivyo hazihesabiki. Nikea, mwaka 325, iliitwa na Kaisari Konstantino kwa ajili ya Ario, padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Maaskofu karibu mia tatu walikutana. Wakatunga kanuni ya imani, wakajadili tarehe ya Pasaka, wakaweka sheria za mapadri. Orodha ya vitabu haimo.

Orodha ya kwanza inayofanana kabisa na vitabu 27 vya Agano Jipya letu imo katika barua ya Pasaka ya mwaka 367 ya Athanasio, askofu wa Aleksandria. Mwafrika wa Misri. Na haikuwa amri ya dola: makanisa yalikuwa yakisoma vingi vya vitabu hivyo kwa vizazi, Athanasio akavitaja kwa majina.

Kwa nini Biblia ya Wakatoliki ina vitabu saba zaidi?

Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na nyongeza za Esta na Danieli. Vilikuwamo katika Septuaginta, tafsiri ya Kiyunani iliyoanzwa na Wayahudi wa Aleksandria katika karne ya 3 KK, nayo ndiyo Biblia ya Wakristo wa kwanza walioongea Kiyunani. Yeronimo, alipotafsiri kwa Kilatini akiwa Bethlehemu, alisitasita juu yake kwa sababu hakuvipata katika Kiebrania. Luther katika Biblia yake ya 1534 alivitenga katikati ya maagano mawili akavipa alama ya kusomwa kwa faida, lakini hakuvitupa. Mtaguso wa Trento ukavithibitisha mwaka 1546.

Kutoweka kwake kabisa kwenye Biblia za Kiswahili za kawaida kuna historia ya fedha. Chama cha Biblia cha Uingereza, ambacho kiligharimia tafsiri nyingi za Afrika, kiliamua miaka ya 1820, baada ya ugomvi mkubwa, kwamba hakitatoa senti kwa Biblia yenye vitabu hivyo. Waethiopia wametushinda wote: wanahesabu vitabu 81.

Maneno kama Injili, kanisa na msalaba mbona ni ya Kiarabu?

Kwa sababu yalikuwa mdomoni mwa watu wa pwani kabla ya mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kutia nanga. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji. Fikiria hilo: Mwanzo ya kwanza ya Kiswahili imepita mikononi mwa kadhi. Edward Steere akafanya kazi yake Unguja kwa Kiunguja, na Union Version ikaja kuunganisha Kimvita na Kiunguja.

Na hayo ya Kiarabu yenyewe mengi ni wasafiri. Injili ni euangelion ya Kiyunani iliyopita Uarabuni. Askofu ni episkopos kwa njia hiyo hiyo. Kanisa ni neno la Kiaramu la kusanyiko. Malaika kwa Kiarabu ni wingi; sisi tunasema malaika mmoja na hakuna anayelalamika. Padri tuliachiwa na Wareno, pamoja na meza.

Nabii Yahya ndiye Yohana Mbatizaji?

Ndiye. Katika Kurani ni mwana wa Zakaria aliyepewa mtoto uzeeni, kama Luka 1. Kwenye familia zilizochanganyika, nazo ni nyingi Tanga na Mombasa, utasikia majina yote mawili siku moja. Yunusi ni Yona, Ilyasi ni Eliya, Ayubu ni Ayubu. Idrisi husemwa ni Henoko. Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina ndani ya Kurani.

Sura na namba za mistari ziliwekwa na nani?

Waandishi hawakuziweka. Sura tunazotumia zinatokana na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, ambaye baadaye akawa askofu mkuu wa Canterbury. Namba za mistari ya Agano Jipya ni za mchapaji Mfaransa Robert Estienne, mwaka 1551. Mwanawe aliandika kwamba baba aliifanya kazi hiyo akiwa safarini kati ya Paris na Lyon. Wazee wetu husema "mlango wa pili", vijana "sura ya pili".

Mahali pengine panga limepita vibaya. Towashi wa Kushi alikuwa akisoma chuo cha Isaya kisicho na namba hata moja, utenzi wa mtumishi aongozwaye kama kondoo machinjoni. Utenzi huo unaanza 52:13, ila Langton alikata mistari mitatu mbele, tukabaki kuuita Isaya 53. Kila Ijumaa Kuu msomaji wetu huanzia 52:13 kama inavyotakiwa, na kila mwaka waumini wenye Biblia mkononi huanza kupekua kurasa na kutazamana wakidhani amekosea somo.